Nusu Kilo ya Matano

Mkinisikia namtania Matano msidhani namdharau. Mimi ndiye mkwezi wa minazi bora kuliko wote kutoka Msambweni hadi ng'ambo ya Funzi, na hilo silisemi mimi, waulizeni wenye minazi. Lakini mtu ambaye naweza kukaa nusu ya siku nikimtazama akifanya kazi, na mdomo wangu nimeufunga, ni Matano peke yake. Mimi nikishuka mnazini natafuta wa kumchokoza. Yeye akimaliza kazi za watu huinama tena kwenye meza ileile, aanze ya kwake.

Kibanda chake kiko barabara ya kuingilia hospitali, katikati ya mama wa mahamri na mshona viatu. Hutengeneza mafeni, pasi, blenda, na redio za wazee ambao hawataki kuachana na redio zao hata zikiwa zinakohoa. Utamkuta amevaa miwani juu ya miwani, solda mkononi, moshi unampanda puani, na wala hapigi chafya. Ukimsalimu atakuitikia vizuri, shikamoo kwa marahaba, lakini jicho hatalitoa kwenye waya.

Kazi yake ya pili, ile isiyomlisha, ni roboti. Msifikirie zile za sinema zenye mikono na vichwa. Zake ni visanduku vyenye magurudumu, vimefungwa mota za redio za kanda, mbele vina macho mawili ya kioo, na wajibu wao ni mmoja tu, kusukumana. Unaziweka mbili ndani ya duara, unaziwasha, unaondoa mkono. Zinatafutana zenyewe. Itakayomtoa mwenziwe nje ya duara imeshinda. Siku ya kwanza aliponionyesha nilimwambia kwamba mama yangu ana mabeberu wawili kule Waa wanaifanya kazi hiyo bila betri, na tena wakizeeka unawala. Hakukasirika. Alisema niwalete, atawapima.

Maana roboti hazisukumani ovyo. Zina madaraja yake, kama mabondia, ya umbo na ya uzito. Matano alikuwa amezipanga zake rafuni, na mpango wake mimi niliucheka mpaka nikakaa chini. Roboti inayoingia ndani ya kikombe cha chai ni daraja la kikombe. Inayoingia kwenye kifuu cha nazi, daraja la kifuu. Baada ya hapo kuna sufuria, na juu ya sufuria kuna karai. Kinachozidi karai hicho si roboti, ni gari, na kibandani hakiingii. Nikamuuliza ni mtaalamu gani duniani anayepima mitambo kwa vyombo vya jikoni. Akasema si yeye aliyeyapanga. Aliyeyapanga ni Mwanapili, alipokuwa bado hajui kusoma mizani.

Mwanapili ni binti yake, mtoto pekee aliyemzaa.

Mama yake Mwanapili ni mtu wa Voi. Yeye na Matano waliachana bila hata kurushiana kijiko, ndoa iliisha tu kama betri inavyoisha, na mama akarudi kwao na mtoto. Baadaye akaolewa huko na mwanamume mwingine, mtu mwema. Huo wema sikuambiwa na jirani, niliambiwa na Matano mwenyewe, na alivyolitamka hilo neno "mwema" ungedhani anameza mfupa wa samaki.

Mwanzoni mtoto alikuwa akija likizo. Nakumbuka miguu yake ikitokeza chini ya meza, yeye kakaa humo ndani na kopo la skrubu anazichambua, ndogo huku, kubwa huku, na akiona mtu anaingia huuliza kwanza kama ameleta kitu kibovu. Mimi nilikuwa nikimletea dafu, namwambia limeharibika, halina swichi. Alikuwa akilizungusha kwelikweli, anaitafuta swichi. Kisha akaingia sekondari ya bweni. Likizo zikajaa masomo ya ziada. Zikawa fupi, zikawa za siku chache za kushinda kwa mama, na mwisho zikawa za simu.

Na simu zenyewe nilizisikia, maana nilikuwa pale. "Shikamoo baba." "Marahaba mama. Hujambo?" "Sijambo." "Umekula?" "Nimekula." "Haya." "Haya baba." Basi. Akikata, Matano hubaki ameishika ile simu kama mtu aliyeshika muhogo wa moto, hajui auweke wapi.

Nilimwambia, ndugu yangu, Voi si Uchina. Panda gari uende ukamwone mwanao. Akaniuliza atapiga hodi mlango wa nani. Ni nyumba ya mwanamume mwingine ile. Aingie, akalie kiti cha mwenyewe, ale chakula cha mwenyewe, halafu amtazame mtoto ambaye mwenyewe amemvisha na kumsomesha, aseme huyu ni wangu? Na kumwita aje Msambweni nako aliona ni kama kumvuta mtoto kutoka mikononi mwa waliomlea. Kwa hiyo alikaa akingoja mtoto aje kwa mapenzi yake. Na mtoto, kwa ninavyodhani mimi, alikaa akingoja kuitwa. Mimi ningekuwa nimeshafika Voi zamani na nimeshagombana na kijiji kizima. Lakini Mungu hakuwaumba watu wote wakawa mimi, aliona ingekuwa kelele.

Miaka ikaenda hivyo. Mwanapili akamaliza sekondari, akaingia chuo cha ufundi hukohuko bara, na habari zake tukawa tunazipata kwa kubahatisha.

Basi mwaka huu, jioni moja, adhana ya magharibi ndiyo kwanza imemalizika, simu ya Matano ikalia mlio wa ujumbe. Ilikuwa picha. Kiganja cha mkono wa msichana, na juu ya kiganja kuna roboti, nyeusi, nadhifu, magurudumu mapana. Chini yake maneno machache: "Nusu kilo. Ukunda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi." Hakuna salamu, hakuna jina. Namba ilikuwa ya Mwanapili.

Matano aliisoma, akanipa nimsomee na mimi. Nikamsomea. Akaniuliza, "Chengo, huu ni mwaliko?"

"Mwaliko wapi," nikamwambia. "Huu ni ugomvi. Mtoto anataka kukutoa nje mbele za watu."

Akacheka. Nilikuwa nimesahau kama ana meno ya pembeni.

Ila tatizo lilijitokeza palepale. Matano hakuwa na roboti ya nusu kilo. Yake aliyokuwa akijivunia ilikuwa ya daraja la sufuria, karibu kilo tatu, bingwa wa Msambweni nzima, na Msambweni nzima ilikuwa ni yeye peke yake. Na kwenye mashindano kila daraja linakutana na lenyewe. Kuna wadogo wa gramu mia. Kuna wa nusu kilo, ambao lazima waingie kwenye kisanduku cha sentimita kumi kwa kumi. Halafu kuna wakubwa wa kilo tatu, kisanduku chao ni mara mbili. Ukienda na mkubwa utasukumana na wakubwa. Baba na binti wangekuwa ukumbi mmoja, paa moja, na wasingesimama duara moja.

Nilimwambia si neno, si utamwona tu?

"Kumwona nitamwona," alisema Matano. "Halafu nimwambie nini? Nimuulize tena kama amekula?" Akavua miwani ya juu, akabaki na ya chini. "Pale kwenye duara, Chengo, mtu hahitaji kusema. Mnapiga magoti, yeye upande ule, wewe upande huu, mnatazama kitu kimoja. Ndivyo tulivyokuwa tukikaa zamani. Nataka hivyo tu, hata kwa dakika moja."

Nikamwambia basi aunde ya nusu kilo.

Akaanza kuunda. Mafeni ya watu yakapangwa ukutani yakingoja, mama wa mahamri akawa anapokea matusi ya wateja kwa niaba yake. Akakata bati la friji, akalikunja, akalipiga tupa mpaka likawa kisanduku kinachotosha kiganjani. Mota nne ndogo. Mpira wa magurudumu aliukata kwenye kandambili, jino la mbele alilichonga kwenye kipande cha panga langu la kukwelea, lile nililokuwa nikilitafuta wiki nzima, na wala hakuomba msamaha.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye ufundi. Mtu asiyejua atadhani roboti nyepesi ndiyo nzuri. La. Nyepesi huteleza. Uzito ndio unaoyakandamiza magurudumu yashike chini, kwa hiyo kila fundi hutaka ya kwake ifike ukomo wa daraja kabisa, nusu kilo na isizidi hata unyoya. Ya Matano ilipokamilika ilikuwa bado nyepesi. Akaenda kwa washona nyavu akaomba chubwi, zile risasi ndogo zinazozamisha wavu, azijaze tumboni mwa roboti. Zikishatosha, azimwagie gundi ile ya kuchanganya, inayokauka ikawa jiwe, zisije zikagongana ndani. Lakini kabla ya kumwaga gundi ilibidi apime.

Mizani ya haraka kwetu iko kwa Kahaso. Kahaso ndiye anayenunua pweza wa wavuvi pale wanapoteremka, mwanamke mmoja mnene wa maneno, na ndiye mtu wa pekee Msambweni ambaye tukitaniana naye huwa naondoka mimi kwanza. Mizani yake ni ya mshale, ya bakuli. Zile za namba alizokuwa nazo ziliuawa na chumvi, mbili zote, na Matano alishindwa kuzifufua, jambo ambalo Kahaso humkumbusha kila akimwona.

Tulimkuta kachuchumaa kwenye mizani yake, mikono imelowa hadi viwikoni. Akaitazama ile roboti akauliza huyu pweza wa wapi ana magurudumu. Nikamwambia amevuliwa kibandani. Akamsukuma pembeni pweza wa mtu, Matano akaweka roboti bakulini, akawa anatia chubwi moja baada ya nyingine, polepole, kama anayemnywesha mtoto dawa. Mshale ukapanda, ukapanda, ukagusa nusu. Akasimama hapo.

"Nusu kamili," alisema Kahaso. "Mizani yangu haijamdhulumu mtu tangu niinunue."

Ni kweli, haijamdhulumu. Matano akarudi kibandani, akamwaga gundi siku ileile.

Jumamosi ikafika. Nilivaa shati langu la harusi, harusi za watu, kwenye yangu sikulivaa. Matano alivaa kanzu, akaiona itamzuia kupiga magoti, akarudi kubadilisha. Ukumbi ulikuwa Ukunda, nyuma ya maduka, umejaa vijana wa kila pembe, na wale wa kutoka bara wakizungumza kile Kiswahili chao cha kukatakata, neno moja letu, mawili yao. Mmoja akaniona nimebeba kile kisanduku akaniuliza, "Mzae, uko klasi gani?" Nikamwambia niliishia la sita, nikaona walimu wananichelewesha, ila roboti hii ni ya nusu kilo. Walicheka, wakatupisha mbele.

Mwanapili tulimwona kabla hajatuona. Amerefuka. Kavaa koti la buluu la karakana, mtandio umefungwa nyuma ya shingo usimwangukie kazini, na amesimama vilevile anavyosimama baba yake, bega moja limeshuka. Matano akasimama. Nilidhani amesahau kitu nje. Ikabidi nimsukume mgongoni.

"Shikamoo baba," alisema Mwanapili, akauchukua mkono wa babake akaubusu.

"Marahaba mama. Hujambo?"

"Sijambo."

Nikawa naomba moyoni, ya Rabi, asimuulize.

"Umekula?" akauliza Matano.

"Nimekula," akasema Mwanapili. Kisha akakitazama kisanduku nilichoshika, akatabasamu kwa upande mmoja. "Hiyo ya kifuu?"

"Ya kifuu," alisema Matano.

Wakaitwa wa nusu kilo wakapimwe. Msimamizi alikuwa mwalimu Abdulwahab, kijana mwembamba, mpole, ndevu zimechongwa kwa rula. Mbele yake kisanduku cha mbao na mizani ya namba, kavu, inang'aa, imekaa mezani kama bibi harusi. Mwanapili akatangulia. Roboti yake ikaingia kisandukuni, ikatoka, ikapanda mizani, ikapita, chini ya nusu kilo kwa gramu chache sana. Akasogea pembeni, hakwenda mbali.

Ya Matano ikaingia kisandukuni kama mguu kwenye kiatu chake. Ikawekwa kwenye mizani. Namba zikakimbia, zikatulia. Mia tano na arubaini.

Mwalimu akaiinua, akaifuta mizani kwa kitambaa, akairudisha. Mia tano na arubaini.

Nikamwambia mizani yake inaumwa. Nikamwambia sisi tumepima kwa Kahaso, na Kahaso hajamdhulumu mtu tangu... Na hapo ndipo neno likanikwama. Nikamtazama Matano, naye ananitazama, na wote wawili tukawa tunauona ule mshale wa Kahaso ulivyolala pale bakuli likiwa tupu. Haulali kwenye sufuri. Unalala nyuma ya sufuri, vijistari viwili. Pweza akitoka baharini hutoka na maji, na mnunuzi halipii maji, kwa hiyo mizani hurudishwa nyuma kwa skrubu kidogo, tunaita kutoa maji. Mvuvi anajua, mnunuzi anajua, hata watoto wanajua, na hakuna anayelalamika. Ni desturi ya zamani hata hakuna anayeiona tena. Yaani Kahaso alimtoa maji Matano. Na roboti haikuwa na maji.

Kama mngekuwepo mngeniona nikipigania. Nilisema nipewe bisibisi nizichomoe hizo chubwi kwa meno ikibidi. Mwalimu akaigeuza roboti, akagonga tumbo kwa ukucha, ikalia kama jiwe. Akasema kwa upole kwamba hata zingetoka, aliyezidi hapimwi mara ya pili. Mwaka uliopita waliruhusu, watu wakashinda wakipiga tupa na kugombana mpaka mashindano yakamalizikia kizani. Aliyezidi daraja lake anapandishwa la juu. Na la juu ni la kilo tatu.

"Haya mwalimu," alisema Matano. "Hujakosea kitu."

Akaichukua roboti yake, akaibana kwapani, akaenda kusimama dirishani. Hakumtazama binti yake. Alitazama nje, na nje kulikuwa na ukuta. Mimi nilisimama pale na shati langu la harusi, na nawaambia kweli, nilitafuta mzaha kila mfuko sikuupata.

Ndipo nikamsikia Mwanapili. Amesimama mezani tena.

"Mwalimu, samahani. Aliye mwepesi anaruhusiwa kupanda?"

"Kupanda?"

"Daraja la juu. Mzito hashuki, nimesikia. Mwepesi je?"

Abdulwahab akaangalia mizani, akamwangalia yeye. "Kanuni haikatazi. Lakini dada, wewe hapa chini una nafasi ya kushinda. Kule ni kilo tatu. Utafagiliwa."

Wenzake wa chuo walikuwa wameshamzunguka. Mmoja, msichana mwenye nywele fupi, akamvuta koti akamwambia asiwafanyie hivyo, wao wametoka mbali na wanamtegemea yeye. Mwanapili hakubishana naye. Alimshika mkono tu, akauondoa kwenye koti lake taratibu. Kisha akamwambia mwalimu amwandike juu.

Matano alikuwa bado dirishani. Nilikwenda nikamwambia. Aligeuka akamwona Mwanapili anabandikwa kibandiko chekundu, cha wakubwa. Nilidhani atamkataza. Akaja mezani, naye akabandikwa chake.

Ningependa kuwaambia kwamba walikutana kwenye duara, maana mimi hupenda hadithi zangu zinyooke. Hawakukutana. Kura ilimtupa kila mmoja kwa mkubwa wake. Ya Matano ilipewa jitu moja la vijana wa Matuga, limekaa kama jiko la mkaa. Ya Matano ilisimama nalo kidogo, nusu kilo na maji yake, magurudumu ya kandambili yakanung'unika, kisha ikasogezwa nje kama mtu anavyosogeza kiti. Ya Mwanapili nayo ilijaribu akili, ikazunguka ubavuni mwa mkubwa wake, watu wakapiga makofi, lakini ikanaswa ukingoni ikatupwa chini ya meza ya mwalimu. Aliyepoteza mara moja ametoka. Wenzake Mwanapili walikaa pamoja upande wao na hawakumwita aje kukaa nao.

Akaja kusimama karibu na babake. Wote wawili wameshika roboti zao kifuani. Mimi nikasema mmekuja kunitia aibu, ukoo mzima, hata mabeberu wa mama yangu wangefika raundi ya pili. Mwanapili akacheka. Nilimwona ananitazama vizuri, kisha akaniambia, "Mjomba Chengo, bado unauza madafu yasiyo na swichi?" Nikageuka nikajifanya napenga kamasi.

Kule nje ukumbi una kibaraza cha saruji nyekundu, laini, imepigwa nta. Sijui nani alianza kwenda. Niliwaona tu wanatoka, baba mbele, binti nyuma, na mimi nikafuata kwa sababu sijawahi kuachwa nje ya jambo. Mwanapili akatoa utepe mweupe mfukoni akaanza kuuzungusha chini apate duara. Matano akapokea ncha ya pili. Hawakuelekezana. Mmoja anavuta, mwingine anabandika, wanasogea kwa magoti mpaka ncha zikakutana.

Wakapiga magoti. Yeye upande ule, yeye upande huu. Wakaziweka zikatazamana, wakaziwasha, wakaondoa mikono.

Zilitafutana kwa nusu ya kufumba jicho, zikagongana katikati, ta, jino kwa jino. Na hapo zikakwama. Ya Matano ilikuwa nzito zaidi, ya Mwanapili ilikuwa na mpira bora zaidi, na kwa hiyo hakuna iliyokwenda mbele wala nyuma. Magurudumu manane yanazunguka, mota zinalia kwa sauti nyembamba, na zile roboti zimesimama zimeegemeana. Nikangoja moja iteleze. Haikuteleza.

Basi la chuo likapiga honi huko barabarani. Likapiga tena. Yule msichana wa nywele fupi akatokeza mlangoni akasema wanaondoka, dereva ana hasira, kisha akaona wanachofanya, akabaki pale.

"Baba," alisema Mwanapili, macho yako chini, "zinaungua mota. Zima."

"Zima wewe."

"Nikizima mimi nitatoka nje."

"Na mimi nikizima?"

Mwanapili akasogeza goti karibu kidogo, akainamisha kichwa azione vizuri, na Matano akainamisha chake, hata mtandio wa mmoja ukagusa miwani ya mwingine. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Honi ikalia mara ya tatu, ndefu. Nikaona hapa mimi sina kazi. Nikashuka kibarazani, nikaenda mpaka kwenye lile basi, nikagonga mlango wa dereva. Alikuwa mzee mwenye kofia ya ukindu, uso umekunjamana. Nikampa shikamoo yenye heshima zote, nikamuuliza kwao wapi, akasema Taita. Nikamwambia basi ana bahati, maana leo amekutana na mkwezi bora wa pwani yote, na kuna habari moja ya mnazi, mbwa na afisa wa kilimo ambayo hawezi kuondoka Kwale bila kuisikia. Akasema hana muda. Nikamwambia na mimi sina, kwa hiyo nitaifupisha.

Nikaanza na babu ya huyo mbwa.